Hatua Thelathini za Mshika Bendera

Siku za kawaida Mshika Bendera alikuwa na mwendo mbaya. Aliburuta miguu, mabega yameanguka, macho yako chini kama mtu aliyedondosha funguo. Ukikutana naye kwenye vichochoro vya Mlandege, mtaani kwetu Iringa, ungempita bila kumwona. Lakini mpe bendera. Mpe ile bendera ya kikosi cha walinzi wa parokia yetu, nyeupe na njano, yenye picha ya kalisi, kikombe cha Misa, katikati na nyuzi za dhahabu pembeni. Mfunge mshipi wa ngozi kiunoni, mlingoti wa mninga ukae kwenye kikombe chake, halafu kamanda aseme, "Mbele, tembea!" Hapo alitokea mtu mwingine kabisa. Shingo ilinyooka, goti lilipanda na kushuka bila papara, na bendera ilikwenda mbele yetu kana kwamba hakuna aliyeibeba. Nimewaona kina mama wakisahau rozari mkononi kwa kumtazama.

Mimi nilimtazama kwa karibu kuliko wote, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja nilitembea kuliani kwake, nusu hatua nyuma, kama msindikizaji wa bendera. Niseme mapema, ili msomaji asinidhanie mema: miaka yote hiyo nilimwonea wivu.

Jina lake silitaji, na hata mtaani halikutumika. Watoto walimwita Mzee Bendera, sisi wa kikosini tulimwita Mshika Bendera, na mke wake alipokuwa hai alimwita "wewe," kwa sauti ambayo ilitosha.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko. Kutwa nzima alikuwa mweupe kwa unga, kuanzia nywele hadi kope, macho mawili tu yakichungulia. Mashine ile ilinguruma kiasi kwamba wateja walizungumza naye kwa vidole: debe moja, madebe mawili, sembe, dona. Alikuwa mkali kwa mtu aliyeleta mahindi mabichi. Alikuwa akiyachota kwenye kiganja, anayasikiliza kama daktari, kisha anayarudisha kwenye debe.

"Mama, mahindi yako bado yanalia. Yapeleke juani yakabembelezwe."

Na mama aliondoka akicheka, na debe lake kichwani, bila kusagiwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ningemwambia mzazi maneno hayo, angenipeleka kwa mwalimu mkuu.

Hilo ndilo lililoniudhi kwake zaidi ya yote, kwamba kila alichokifanya kilikubalika. Kwenye vikao vya kikosi hakusema kitu. Akiombwa maoni alisimama, akakuna shingo, akasema, "Mimi mtu wa mbele, si mtu wa kusema," akakaa, na watu wakapiga makofi. Mimi niliyekuwa nimeandika hoja sita kwenye karatasi niliambiwa nifupishe.

Geti la nyumba yake lilining'inia kwa bawaba moja miaka nenda rudi, hakulitengeneza. Lakini glovu zake nyeupe alizifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, akazianika kivulini ili zisigeuke njano, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa. Masika, pombe ya ulanzi ilipokuwa nyingi, aliipenda kama Mhehe mwingine yeyote, na nilishamkuta kilabuni akiimba huku amekumbatia mbeta yake ya mwanzi. Ila ikibaki siku tatu kabla ya kubeba bendera, hata togwa hakuonja. Nilimchokoza mara moja.

"Togwa nayo ni pombe?"

"Si pombe," akasema. "Ila bendera inanusa, Mwalimu."

Nilikuwa najiona kwamba mimi ndiye niliyestahili. Nilipitia mgambo ujanani, gwaride nalijua kama sala ya Baba Yetu, na kwa kimo namzidi kichwa kizima. Tulipoanzisha kikosi, paroko wa wakati ule, mzee wa maneno machache, alisema atachagua mbeba bendera kwa kutujaribu. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Iringa upepo unashuka vilimani ukiwa na hasira. Alitutoa nje, sisi wawili, tuzunguke kanisa na bendera, mmoja baada ya mwingine.

Nilianza mimi. Kwenye kona ya sakristia upepo uliikamata bendera nami nikapambana nao. Niliushinda. Nilirudi jasho linanitoka kwenye baridi ile, lakini bendera haikuinama hata kidogo.

Akafuata yeye. Kwenye kona ileile aligeuza bega tu, kidogo, akauacha upepo upite mgongoni kwake, na bendera ikafunguka yote ikionyesha kalisi kwa watu waliosimama ukutani. Walishangilia. Paroko aliondoa miwani, akaifuta, akasema, "Huyu."

Nilipewa nafasi ya kuliani. Waliniambia ni nafasi ya heshima.

Nyumbani nilifanya mazoezi ya kugeuza bega kwa kutumia fagio la kutolea buibui, lile lenye mti mrefu. Nilifanyia nyuma ya banda la kuku. Siku moja nikageuka nikamkuta Mama Deo, mke wangu, amesimama na beseni la nguo. Hakucheka. Alisema tu, "Pole, Baba Deo," akaendelea kuanika. Ingekuwa heri angecheka.

Mshika Bendera alikuwa na desturi moja iliyompatia mapenzi ya watu kuliko gwaride. Msiba ukitokea kwa mwanakikosi au kwa mtu wa nyumba yake, awe mzee au kichanga cha siku mbili, alifunga mashine, akanawa unga, akaja na bendera makaburini. Alisimama kichwani pa kaburi mpaka koleo la mwisho. Mvua ilimkuta pale, jua lilimkuta pale. Wafiwa walimtazama yeye badala ya kutazama shimo, nadhani iliwasaidia. Kina mama wakawa na msemo, "Nikifa, aje yule."

Jioni moja tunakula, Mama Deo naye akausema. Tulikuwa tumetoka kumzika jirani.

"Nikifa mimi, bendera abebe Mshika Bendera."

"Na mimi je?" nikauliza. "Mume wako?"

"Wewe utakuwa unalia," akasema.

Lilikuwa jibu zuri, jibu la upendo pengine. Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Nilisukuma sahani ya ugali nikaenda kukaa nje.

Nafika sasa kwenye safari ya Tosamaganga, kwa sababu bila hiyo kilichofuata hakieleweki. Parokia zilikuwa zinakutana kule misheni kwa hija, na vikosi vyote vilikwenda kwa magari. Sisi tulipewa pikapu. Mshika Bendera akatazama nyuma ya pikapu, palipojaa masufuria na magunia ya mchele, akasema bendera hailazwi juu ya masufuria.

"Itakwendaje sasa?" kamanda akamwuliza.

"Kwa miguu. Kama ilivyozoea."

Bendera ikienda, msindikizaji anakwenda. Ndiyo sheria. Kwa hiyo tukaondoka alfajiri, yeye na bendera iliyoviringishwa kwenye shuka, mimi na chupa ya chai, na kufika mlima wa mwisho viatu vyangu vya gwaride vilikuwa vimenimenya visigino. Tulikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nilimwuliza kitu, hakujibu. Nikauliza tena. Ndipo akanigeukia akaniangalia mdomo.

"Mwalimu," akasema, "nikuambie jambo, usimwambie mtu. Sikio la kulia limekufa. La kushoto linaaga."

Ilikuwa ile mashine. Miaka ishirini na kitu ya kunguruma ilikuwa imemla masikio taratibu. Amri za kamanda alikuwa hazisikii tena. Kwa kuwa kamanda hutembea nyuma na bendera iko mbele, hakuwa na wa kumtazama.

"Sasa unafanyaje?" nikauliza, nikitamka polepole.

"Nakisia. Nasikiliza ardhi kwa miguu. Lakini siku moja nitakosea." Akanishika mkono. "Wewe uko kuliani kwangu. Nikuombe, uwe unanigusa kiwiko. Mara moja, nisimame. Mara mbili, nigeuke. Hakuna atakayeona. Wakijua, wataninyang'anya, na mimi bila hii sina kitu, Mwalimu. Mimi ni unga tu."

Nikakubali. Kwa miaka mitatu nilimgusa. Mara moja, anasimama. Mara mbili, anageuka. Watu walimsifu vilevile, au zaidi, na sifa zote zilipitia kwenye vidole vyangu viwili na kwenda kwake. Kuna usiku nililala nikivitazama.

Sikupanga. Hilo naliapia, ingawa sijui kama linapunguza kitu. Ilikuwa Sikukuu ya Ekaristi, maandamano makubwa, barabara imemwagwa maua, askofu mwenyewe amebeba Ekaristi kwenye monstransi chini ya mwavuli nyuma yetu. Asubuhi ile, tukijipanga, askofu alipita mbele ya kikosi akisalimia. Alimshika mkono Mshika Bendera, akamwambia, "Nimesikia habari zako mpaka kwangu." Halafu akatazama kuliani, akaniona, akatabasamu kama unavyomtabasamia mtu aliyesimama kwenye foleni, akapita.

Tukaenda. Alitembea vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Tulipofika mbele ya altare ya kwanza, iliyojengwa kando ya barabara, nilisikia nyuma yangu, "Kikosi, simama! Nyuma, geuka! Magoti!" Nilikuwa na mkono tayari. Nakumbuka kitambaa cha shati lake kilivyokuwa karibu na vidole vyangu. Nikavirudisha. Nikasimama, nikageuka, nikapiga goti kama kila mtu.

Yeye akaendelea.

Aliendelea peke yake katikati ya maua, bendera juu, mgongo kwa Ekaristi, umati wote umepiga magoti kimya. Nilikuwa nimeinamisha kichwa lakini nilihesabu kwa sauti ya viatu. Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya ibada. Kisha mtoto akacheka. Kisha kicheko kikasambaa, kile kicheko cha kubana pua. Hatua ya thelathini alisimama. Nadhani aliona hana kivuli pembeni. Akageuka, akatuona sisi wote chini na yeye peke yake juu, na hata kwa umbali ule niliona uso wake umekuwa kama siku za mashine, mweupe.

Baadaye, nyuma ya sakristia, alinijia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali.

"Mwalimu, ulinigusa?"

"Nilikugusa," nikasema. "Mara mbili."

Aliniangalia mdomo, ili awe na uhakika wa neno. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni majivuno," akasema. "Askofu alinisifu, nikajaa. Mungu kaniziba hata ngozi, nisikusikie."

Wiki ile hakusubiri kikao. Alinijia nyumbani na bendera imefuliwa, imepigwa pasi, glovu juu yake. Mama Deo alimkaribisha chai, akakataa. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akaondoka na ule mwendo wake mbaya. Mwezi haukuisha, binti yake alikuja kumchukua akamhamishia kwake Mbeya. Mashine ikachukuliwa na kijana mwingine.

Basi nikawa mimi. Nimeibeba bendera miaka minne, na nimeibeba vizuri, gwaride langu halina doa. Lakini hakuna anayeniita Mshika Bendera. Nikipita, utasikia, "Yule ndiye anayebeba bendera ya Mzee." Msibani wafiwa wanatazama shimo. Nilishaungama kwa padri. Padri akaniambia, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Nikasema, ndiyo Baba. Nikakaa miaka.

Mwaka huu nilialikwa harusi ya mtoto wa dada yangu Mbeya. Mama Deo alinifungia maharage na chupa ya asali.

"Umpitie Mshika Bendera," akasema. "Sijui kwa nini hujawahi kwenda. Mlikuwa kama mapacha."

Jumamosi, harusi ikiwa imeshapita, nilikwenda mtaa wa Soweto kuulizia. Vero, binti yake, ni mshonaji, watu wanamjua. Nilimkuta barazani na cherehani, akaruka kunipokea.

"Baba mdogo! Kamwene! Karibu, karibu jamani! Baba atafurahi!"

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi. Amekonda. Aliniona, akacheka kwa sauti kubwa, ile sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwisha. Vero alileta daftari kubwa na kalamu, akakaa kati yetu. Ndivyo wanavyoishi, kila mgeni anachosema yeye anaandika, baba anasoma, anajibu kwa mdomo. Mzee aliniuliza habari za mvua, za Mama Deo, za kijana wa mashine, kama mkanda amebadilisha. Vero aliandika kila neno langu, hata nilipokohoa alitabasamu akaandika, "Amekohoa." Nilikaa pale nikamwonea mzee wivu kwa hilo pia. Mimi wanangu wananipigia simu Krismasi tu.

"Kanisani anakwenda?" nikamwuliza Vero, nikidhani hilo ni swali jepesi.

Hakuliandika. Alishusha kalamu.

"Anakwenda, ila haingii. Anakaa nje, kwenye benchi la karibu na magari. Komunyo hapokei tangu ametoka Iringa. Padri wa hapa amemwambia mara ngapi, hataki. Anasema yeye alimgeuzia mgongo Bwana mbele ya watu, kwa majivuno, akiwa ameonywa mara mbili. Baba mdogo, wewe ulikuwepo. Kweli ndivyo ilivyokuwa?"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatabasamu, anasubiri karatasi, kisu mkono huu na kiazi mkono ule. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa sababu alikuwa hasikii, na kwa sababu nilikuwa nimeshasahau kwamba Vero anasikia.

"Sikumgusa," nikasema. "Siku ile sikumgusa. Nilikuwa na wivu. Halafu nikamdanganya."

Cherehani ya jirani ilikuwa inalia mahali fulani. Vero aliichukua tena kalamu.

"Hilo nalo nimwandikie?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Nafikiri alikuwa ananipa nafasi ya kusema hapana, ili ajue mimi ni mtu gani.

"Mwandikie."

Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu. Akaliweka daftari mapajani pa baba yake. Mzee akafuta mikono, akasoma kwa midomo, akarudia tangu mwanzo. Nilijiandaa. Nilikuwa tayari kwa tusi, kwa machozi, hata kwa kile kisu. Akainua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Kumbe haikuwa mimi," akasema.

Vero akatikisa kichwa. Si wewe.

"Kumbe haikuwa mimi!" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anapiga goti kwa kiganja. "Sikuonywa! Vero, sikuonywa! Sikumgeuzia mgongo! Nilikuwa natembea tu!" Jirani alichungulia ukutani, naye akaambiwa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba haikuwa yeye. Kisha akasimama, viazi vikabingirika sakafuni, akaingia ndani. Tulimsikia akivuta sanduku chini ya kitanda, akiuliza peke yake shati lake la kanisani liko wapi, kesho anaingia, kesho anakaa mbele.

Hakuniambia amenisamehe. Sidhani ilimjia kwamba kuna wa kusamehewa. Nilikuwa nimeleta habari njema, basi, kama mtu aliyeleta barua.

Vero aliokota viazi kimoja kimoja, akavirudisha kwenye beseni. Chai aliyokuwa ameiinjika aliiepua jikoni, akaiacha hukohuko.

"Mwalimu," akasema, na hilo la baba mdogo halikurudi tena, "gari za Iringa zinawahi kuondoka."

Nikasimama. Ndani mzee alikuwa anaimba, sauti imepotea njia kabisa, anaimba kwa kupiga mayowe, mwenye furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Mimi kifuani nilikuwa na uzito uleule niliokuja nao. Nilisafiri kutoka Iringa, nikasema dhambi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na hata faraja ya kuungama kwangu, aliyeipata alikuwa yeye.